Bawa Lililozibwa kwa Kanga

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana mtanikatizia utamu, palikuwa na kijiji cha Ndolela, huko kwenye nyika ya Wagogo. Hospitali hakina, ila ndege kinayo! Ndege yenyewe kuukuu, mabawa yake mbao kwa ndani, turubai kwa nje. Rubani wake, Kapteni Rweyongeza, aliipenda kuliko mkewe.

Sasa shikeni desturi ya pale. Ndege ikitua, haiachwi hivi hivi. Fisi hutafuna matairi, na ng'ombe hulamba rangi ya turubai kwa utamu wanaoujua wenyewe. Kwa hiyo ndege huzungushiwa boma la miiba. Kazi hiyo ilikuwa ya Chiwanga, mrina asali.

Basi, siku moja mama mjamzito, Mbeleje, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga akampapasa tumbo, uso ukambadilika.

"Mtoto amekaa vibaya. Apelekwe mjini sasa hivi, la sivyo tunawakosa wote wawili."

Mumewe, Chilongani, akambeba mbio hadi kiwanjani. Lahaula! Chiwanga amekwenda kunywa pombe, mlango wa boma kauacha wazi. Chini ya bawa kasimama ng'ombe wa Mzee Masigati, jina lake Kisirani, anatafuna turubai taratibu. Bawa lina tundu la kupita mbuzi. Chilongani akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Kapteni akachungulia tunduni, akaingiza mkono, jasho likamtoka.

"Mungu wangu! Ubao wa ndani una ufa. Tungeruka hivi, bawa lingekatikia angani. Nipeni mwiko!"

Akapewa mwiko wa ugali, akaufunga kwenye ubao kwa kamba ya katani.

"Nguo ngumu!"

Nguo ngumu siku hiyo alikuwa nayo mwanamke mmoja wa pale kijijini, Sechelela: kanga mpya aliyoinunua kumsuta jirani yake, imeandikwa MTANUNA MPAKA MZEEKE.

"Hii? Thubutu!" akasema Sechelela.

Mbeleje akapiga ukelele wa maumivu. Sechelela akafumba macho, akaivua.

"Haya, chukueni! Lakini maandishi yatazame chini, jirani asome."

"Gundi!" Kapteni akaita.

Chiwanga alikuwa ameshaitwa kutoka kilabuni, pombe yote imemtoka kichwani. Akatimua mbio, akarudi na gundi ya mti wa mgunga na nta ya nyuki. Gundi ikashika kanga, jua la adhuhuri likaikausha, nta ikapakwa juu isiingie maji.

Ndege ikaruka! Kijiji kizima kikainua shingo, kikasoma. Jirani naye akanuna kweli. Mjini Mbeleje akapasuliwa, akapata mtoto wa kike, mama mzima, mtoto mzima.

Waliporudi kijijini ndipo ugomvi ulipoanza. Maana kwao, mtoto aliyezaliwa kwa taabu hupewa jina la aliyemwokoa, na jina ni moja tu.

Sechelela akasema, "Jina ni langu. Nilibaki na gagulo mbele ya wanaume kwa ajili ya mtoto huyu!"

Chiwanga akasema, "Kanga bila gundi ni bendera. Jina ni langu."

"Wewe mlevi uliyeacha mlango wazi?"

"Hapo hapo!" Mzee Masigati akadakia. "Asingeuacha wazi, Kisirani asingeingia. Kisirani asingeingia, tundu lisingekuwepo. Tundu lisingekuwepo, ufa usingeonekana. Ufa usingeonekana, leo tungekuwa matangani. Mtoto aitwe Kisirani!"

"Mwanangu aitwe jina la ng'ombe?" Chilongani akaruka.

"Ng'ombe hakujua anachofanya!" akafoka Sechelela.

"Na wewe ulijua? Si ulikuwa unamsuta jirani?" Mzee akamrudishia.

Wakamgeukia Kapteni. Kapteni akakuna kidevu. "Mimi kurusha ndege ni kazi yangu, jina sidai. Bila kanga na gundi nisingeruka. Lakini mzee hasemi uongo. Ule ufa mimi nisingeuona."

Mbeleje, maskini, akamkumbatia mwanawe akasema, "Nawapenda wote, hata huyo ng'ombe. Nikimchagua mmoja, wengine nitawatazama vipi usoni?"

Mpaka leo hawajapatana. Mtoto ameshaanza kutambaa, na mama yake akitaka kumwita anasema, "We nanii, njoo!"

Haya, ninyi mnaocheka hapo, acheni kucheka mnisaidie, maana mtoto wa watu hawezi kukua akiitwa Nanii. Wa kanga, wa gundi, au ng'ombe: je, jina ni la nani?