Kangaga Lililokataa Kwenda Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, tarehe saba ya mwezi mwandamo, saa tatu na robo asubuhi, Mzee Senzighe, mkuu wa baraza, alitamka kwamba bonde la Bibi Nakiete lifyekwe, lilimwe kabichi.

Bibi Nakiete akasimama. "Mzee wangu, humo ndimo inamotoka chemchemi ninayoteka. Mkifyeka, maji yatakauka, nami nitahama na uzee huu. Tena humo mna kangaga la mwamba. Mila yasema bonde lenye kangaga hilo halifyekwi."

"Mila yasema pia ushahidi uletwe barazani," akajibu Senzighe. "Lilete. Kangaga lenyewe lina mistari miwili ya madoa ya kahawia chini ya jani. Lisilo na madoa ni gugu."

Akaenda Mbega, akiruka mti hadi mti. Aliporudi na jani, upepo ulikuwa umelikausha, madoa yamepukutika.

"Ugoro huu umeutoa wapi?" akauliza Senzighe. "Gugu."

Akaenda Chura, akalibeba kinywani lisikauke. Akalitema mbele ya wazee.

"Mlenda huu umeupika wewe?" akauliza Senzighe. "Gugu."

Bibi Nakiete akainama kwenye kikapu chake cha magimbi, alimokuwa amekaa Konokono. "Mwanangu, nenda wewe."

"Bibi, siendi."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nikienda leo, nitarudi mvua za vuli. Tena nimezaliwa chini ya jani lile, ninalijua. Linaishi penye kivuli, penye ukungu, penye mwamba unaodondosha maji. Ukilitoa hapo umeleta jani tu, kangaga limebaki huko. Mzee Senzighe, wewe una miguu. Itumie."

Kwa miaka thelathini ya ukuu wake, hakuna aliyewahi kumwambia Senzighe kwamba ana miguu. Akaitazama. Ilikuwepo, yote miwili.

Wakaenda. Mwamba ulikuwa umeinama sana. Senzighe akapiga magoti, hakuona. Akakaa kitako, hakuona. Akalala chali matopeni na kanzu yake, akatazama juu. Palikuwa na majani mabichi, na chini ya kila jani mistari miwili ya madoa ya kahawia.

"Ni lenyewe," akasema.

"Na kabichi, mzee?" akauliza mmoja wa wazee.

"Zitalimwa kwako. Bonde halifyekwi."

Nami hadithi yangu naitua hapo, chini ya mwamba. Wapo wanaosimulia kwamba Mzee Senzighe alilia. Hakulia, mwamba ulimdondoshea maji usoni. Wapo wanaosema alinasa matopeni, ndiyo maana hakuinuka hadi alasiri. Hakunasa. Aliambiwa mara tatu kwamba baraza linamngoja, naye mara tatu akajibu wanyamaze, wanampotezea hesabu ya madoa.