Baiskeli Nyepesi ya Mzee Kiboko

Pandisha!
— Twapandisha!
Teremsha!
— Twashika breki!
Niwape ya tambarare au ya mlimani?
— Ya mlimani!

Basi kazeni mapaja.

Hapo kale, tena si kale ya mbali, maana baiskeli zilikuwa zimekwisha kuingia porini, palikuwa na mlima uitwao Kifuakazi. Juu ya mlima palikuwa na chemchemi, chemchemi ilikuwa na uzio, uzio ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na kufuli. Kiangazi kikiingia na mito ikikauka, maji hayakupatikana mahali pengine popote.

Ufunguo alishika nani? Hapo ndipo penye desturi. Kila mwanzo wa kiangazi wazee wa porini, wale wenye mvi kwenye masharubu, walipanda baiskeli zao chini ya mlima wakashindana kufika juu bila kugusa ardhi kwa mguu. Aliyetangulia alishika ufunguo mpaka mvua ya kwanza. Mtaniuliza: maji ya wote yafungwe kwa kufuli la mmoja, kisa ana mapaja? Nami niliuliza hivyo hivyo nilipohadithiwa. Nikajibiwa, ndivyo tulivyokuta. Haya. Jibu hilo limewahi kumkata nani kiu? Tuendelee.

Viangazi sita mfululizo ufunguo aliushika Mzee Kiboko. Asubuhi anafungua lango, chubwi! anaingia yeye kwanza. Anaoga. Anajigeuza. Anafanya na yale mengine ambayo viboko huyafanya majini, sitayataja, huenda kuna mtu anakula. Akitoka, ndipo anaita: "Karibuni, jamani, maji ni ya wote!" Na wote wanachota tope la kijani.

Chini ya mlima, kwenye upenu wa jiwe, alikaa Bi Pimbi, fundi wa baiskeli. Mnamjua pimbi alivyo: mdogo, hana mkia wa kujivunia, akisimama ni kama amekaa. Bi Pimbi alikuwa bibi wa wajukuu watatu. Kiangazi kilichopita mmoja alikunywa lile tope, tumbo likamshika, siku ya nne wakamzika. Wakabaki wawili. Na kiangazi kingine kilikuwa kinakuja.

Siku moja, kwii, kwii, kwii, mnyororo unalia. Mzee Kiboko huyo, anaikokota baiskeli.

"Hodi, fundi wangu."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi, nina neno, usimwambie mtu. Mlima umerefuka."

"Mlima umerefuka?"

"Umerefuka! Mwaka juzi niliupanda naimba. Mwaka jana nimefika juu, hhaa, hhaa, hhaa, Ngiri yuko nyuma yangu pua na mkia. Nifanye nini, wewe ndiye fundi?"

Bi Pimbi alimtazama. Alitazama mapaja, bado ni magogo. Alitazama tumbo, limelala juu ya usukani kama gunia la mahindi. Jibu alikuwa nalo. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli na umri umekwenda analo. Tambarare haikuulizi uzito wako, mlima ndio unaokuuliza, tena unakuuliza kila ukikanyaga pedali. Kila kilo uliyonayo ni abiria, na abiria huyo hashuki kusukuma. Kijana huwabeba wote kwa kiburi. Mzee hawezi.

Lakini Bi Pimbi alipiga hesabu nyingine. Kiboko huyu akipungua, kwa mapaja haya, atashika ufunguo viangazi kumi vingine. Nami nina wajukuu wawili.

Akasema, "Mzee, baiskeli yako ni nzito."

"Eti ee! Nilijua!"

"Tuondoe kengele na madgadi."

Akaondoa kengele, akaondoa madgadi, krr, krr, krr. Kiboko akaiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akacheka.

"Nyepesi! Fundi, imepungua kilo mbili!"

"Imepungua, mzee."

"Basi leo nina haki ya sinia moja la ziada."

Akaenda akala sinia moja la ziada. Na jioni hiyo Bi Pimbi alijipakulia chakula, akakigawa katikati kwa mwiko, nusu akairudisha chunguni. Maana naye alikuwa na kitambi chake, kile cha kukaa unakaza spoki mchana kutwa.

Wiki ya pili, kwii, kwii, kwii.

"Fundi, mlima bado mrefu."

"Basi baiskeli bado nzito. Tuondoe keria na stendi."

Krr, krr, krr. Kiboko akaiinua kwa vidole viwili.

"Nyepesi! Leo masinia mawili!"

Akaenda akala masinia mawili. Bi Pimbi akagawa chakula kwa mwiko, akarudisha nusu. Asubuhi akapanda Kifuakazi kwa baiskeli yake mpaka kona ya kwanza, akashuka. Kesho yake akafika kona ya pili. Ngiri, mzee mwenye mdomo usio na mlango, akamwona njiani.

"We Bi Pimbi, mbona umepungua hivyo? Unaumwa, au umepata mchumba?"

"Mchumba wangu ni huu mlima, shemeji."

"Ah, huyo hana mahari, mwache!"

Wiki ya tatu Kiboko alikuja. Safari hii hakucheka. Aliegemeza baiskeli kwenye jiwe, akaketi chini, pu! vumbi likaruka.

"Fundi, tumejuana miaka mingapi?"

"Mingi, mzee. Baiskeli yako ya kwanza niliiziba pancha mimi."

"Basi niambie kweli. Watu wote wanasema apunguze, apunguze. Ngiri anasema kwa sababu anautaka ufunguo. Wanangu wanasema kwa sababu wanaona aibu kuongozana nami. Marehemu mama watoto alikuwa akisema hivyo hivyo, naye sikumsikia. Wewe huna tamaa, we pimbi tu, ufunguo utaupelekea wapi? Niambie. Si tumbo hili?"

Akalishika tumbo kwa mikono miwili, akamwonyesha, kama mgonjwa anavyomwonyesha daktari.

Spoki moja ilikuwa inalia kwa upepo, tii, tii.

Ndugu zangu, simtetei Kiboko. Alioga katika maji ya watoto wa wenzake, na mtoto alikufa. Lakini siku ile aliuliza. Mwenye nguvu, kwa mara moja katika maisha yake, aliketi kwenye vumbi akauliza kweli. Yule aliyekuwa nayo alikuwa na bisibisi mkononi.

Bi Pimbi akasema, "Tumbo? Mzee, hilo ndilo injini. Ukilipunguza, utasukuma na nini?"

Uso wa Kiboko ukafunguka. "Injini!"

"Injini. Ila tuondoe breki. Kupanda mlima breki ya nini?"

"Breki ya nini!"

Krr, krr, krr. Kiboko akaiinua baiskeli kwa kidole kimoja, akaondoka anaimba, akala mpaka sufuria zikaomba msamaha. Bi Pimbi jioni ile hakugawa chakula. Alikirudisha chote chunguni.

Siku ya mashindano ikafika. Wazee wakajipanga: Kiboko, Ngiri, Nyani, na mwisho kabisa Bi Pimbi juu ya baiskeli yake ndogo.

"Na huyu?" Kiboko akauliza. "Fundi, umekuja kutengeneza nini?"

"Nimekuja kuwasindikiza, mzee."

"Vizuri. Nikiangusha kitu, niokotee."

Filimbi, priii! Kwenye tambarare Kiboko alikwenda vuuu! kama mawe yanayoporomoka, Ngiri akala vumbi, Nyani akala vumbi. Wakafika mlimani.

Kona ya kwanza, Kiboko: kwii, kwii, hhaa. Bi Pimbi: chwi-chwi-chwi-chwi.

Kona ya pili, Kiboko: kwiii... hhaa... kwiii... hhaa. Ngiri ameshuka, amekaa kando anashika kiuno. Nyani yeye alishapanda mti. Bi Pimbi: chwi-chwi-chwi-chwi.

Kona ya tatu wakawa bega kwa bega, yaani bega la Bi Pimbi kwa goti la Kiboko.

"Fundi," Kiboko akasema, jasho linamtiririka kama bomba, "injini... inagonga."

Bi Pimbi hakumtazama. Alijua akimtazama atashusha mguu. Chwi-chwi-chwi-chwi, akapita.

Nyuma yake akasikia baiskeli imesimama. Halafu akaisikia inarudi. Polepole, halafu si polepole. "Breki!" Kiboko akapiga kelele, "breki, brek—" vuuuuu, kona ya tatu, kona ya pili, kona ya kwanza, pwaaa! kwenye tope lililokauka chini ya mlima.

Bi Pimbi akafika juu. Akachukua ufunguo, akafungua kufuli, akaliacha lango wazi. Maji yalikuwa meupe. Wajukuu wake wawili wakanywa, wakanywa tena. Wanyama wote wakanywa. Hakuna mtoto aliyezikwa kiangazi kile, na hilo mliweke moyoni, msije mkasema sikulisema.

Jioni alishuka na dumu la maji, akamkuta Kiboko amefungwa mguu, amekaa kando ya gurudumu lililopinda. Bi Pimbi akamwekea dumu, akasimama mbali kidogo. Alingoja matusi. Alikuwa ameyaandalia majibu njia nzima.

Kiboko akanywa, akafuta mdomo.

"Fundi, nimejua kosa langu."

"Kosa gani, mzee?"

"Injini ilikuwa ndogo. Mwakani naiongeza."

Bi Pimbi akafungua mdomo. Aliwaza ufunguo. Aliwaza mapaja yale. Akasema, "Naam, mzee."

Tangu hapo, kila Kiboko alipokuja kuchota maji, akichechemea kwenye foleni kama wengine, alipita kwa fundi.

"Injini inakua, fundi."

"Naam, mzee."

Wiki nyingine: "Injini inakua, fundi. Nikipanda ngazi tu, moyo unapiga ngoma."

"Naam, mzee."

Wiki nyingine tena: "Fundi, injini inakua, ila usiku silali, napumua kama mvukuto."

Bi Pimbi alikuwa ameshika bisibisi, akakaza mahali ambapo palikuwa pamekwisha kukazwa. "Naam, mzee."

Wiki iliyofuata Kiboko hakuja. Siku mbili, tatu, hakuja. Asubuhi ya nne Bi Pimbi akafunga dumu la maji kwenye keria, akapanda baiskeli kuelekea kwa Kiboko. Njiani alikuwa anasema peke yake, anayapanga maneno: mzee, ni tumbo. Siku zote lilikuwa tumbo. Nigawie chakula chako nusu, mimi nitakaa nawe tule wote kidogo, na mwakani tupande pamoja, ukinishinda unishinde. Aliyasema kona hadi kona, mpaka yakakaa vizuri mdomoni.

Alipofika, uani palikuwa na jamvi limetandikwa, na wanyama wameketi. Ngiri akainuka, akampokea baiskeli.

"Tulikuwa tunakungoja," Ngiri akasema. "Alikutaja mpaka mwisho. Sote tulimwambia apunguze. Alitujibu mna wivu ninyi, fundi wangu peke yake ndiye anayenipenda. Ndiye aliyeniambia kweli."

Bi Pimbi akaketi ukingoni mwa jamvi. Yale maneno aliyokuja nayo akakaa nayo.

Hadithi yangu imekaa hapo hapo alipokaa yeye. Iliyo tamu chukueni mwende nayo, iliyo chungu niachieni nitaimaliza mwenyewe.

Mnataka na fundisho? Lipo, wakubwa wanalipenda sana. Mkubwa akikuuliza kama amenenepa, mwambie amependeza. Adabu haijawahi kuua mtu.