Kishikwambi cha Chumba cha Uani

Mpendwa, kabla hujampelekea mwingine hadithi hii, isome kwanza ukiwa umenyamaza mbele za Mungu. Huenda imetumwa kwako.

Palikuwa na mtu mmoja mjini Tukuyu, jina lake Ambakisye, mcha Mungu, ambaye pamoja na mkewe Tusekile alirekodi mahubiri na kuyaandaa kwa ajili ya televisheni. Yeye alikaa sebuleni na kompyuta moja. Mkewe alikaa chumba cha pili na nyingine, akikata na kuunganisha picha. Mafaili yalisafiri hewani baina yao kupitia rauta, kifaa cha kusambaza mtandao, iliyowekwa juu ya kabati la sebuleni.

Jumamosi moja mafaili yakagoma. Gari la kuyapeleka Mbeya lilikuwa lipite alasiri, na mahubiri yalipaswa kurushwa kesho yake asubuhi. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, hata watu wa nyumba moja wakawa wanapaziana sauti.

"Mama Lusajo, yamefika?" Ambakisye akamwita mkewe.

"Yafike wapi, Baba Lusajo? Konokono angekuwa ameshafika, ameoga na amekula!"

Ambakisye akaizima rauta, akaiwasha. Hakuna kilichobadilika. Akaisogeza kompyuta karibu na mlango. Bado. Ndipo akawashuku majirani kwamba wanamwibia mtandao. Akafungua ukurasa wa rauta unaoorodhesha wanaoutumia mtandao ili awaumbue, wala hakumkuta jirani hata mmoja.

Alimkuta mama yake.

Bibi Subilaga alikuwa mgonjwa wa sukari, na miguu yake haikumbeba tena. Alikaa chumba cha uani, ng'ambo ya kuta nene za matofali, na kishikwambi kikuukuu alichosikilizia zaburi tangu asubuhi. Kwa kishikwambi hicho hicho aliwapigia wanawe alipohitaji kitu.

"Ni mama," Ambakisye akamwambia mkewe. "Kifaa chake kiko mbali, kinapokea kwa kusitasita, na rauta haiwezi kutuhudumia mpaka imalizane nacho. Ni kama kanisa zima linapomngoja mzee anayesoma somo herufi kwa herufi."

"Basi nenda ukamwombe apumzishe zaburi kidogo."

"Kwenye mvua hii? Namfungia mtandao tu. Ni kitambo kidogo. Hata hatajua."

"Baba Lusajo, huyo ni mama."

"Na kazi ya Bwana ingoje?"

Akabonyeza. Jina la mama yake likatoweka kwenye kioo, na mafaili yakaanza kumiminika kama maji yaliyofunguliwa lango.

"Haleluya!" akapaza sauti.

Wakafanya kazi kwa bidii, wala hawakuinua vichwa. Mahubiri yenyewe yalihusu amri ya kuwaheshimu wazazi.

Kazi ilipokamilika, Tusekile akaja sebuleni akijinyoosha mgongo. "Mama mbona kimya leo? Saa hizi huwa amekwisha kunipigia, ananitania kwamba mkamwana wake anapika kwa maombi bila moto."

Ambakisye aliitazama rauta, na uso wake ukabadilika.

"Hukumfungulia?" mkewe akauliza. "Baba Lusajo! Hukumfungulia?"

Wakakimbia wakavuka ua katikati ya mvua.

Walimkuta sakafuni kando ya kitanda, jasho limemlowesha, mwili wote unatetemeka, kishikwambi kifuani pake. Sukari ilikuwa imemshuka. Tusekile akampakata, akampaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku akimwita. Ambakisye alipiga magoti, akamshika mama yake mkono.

Honi ya gari ikalia getini. Hakuna aliyeinuka. Ikalia tena, ndefu, kisha gari likaondoka bila mahubiri.

Hatimaye macho ya mama yakafunguka.

"Nilipiga, Amba," akasema kwa sauti ndogo. "Nikapiga tena. Nikasema moyoni, wanafanya kazi ya Mungu, nisiwasumbue."

"Ni mimi niliyekufungia, mama. Kwa mkono wangu mwenyewe." Akaangua kilio kama mtoto.

Mama akamwekea mkono kichwani. "Utalia vizuri ukishaniletea chai."

Siku hiyo hiyo Ambakisye akambeba mgongoni, akampeleka katika chumba kinachopakana na sebule, kile walichokitunza kwa ajili ya wahubiri wageni, chenye shuka nyeupe zisizolaliwa.

"Na watumishi wa Mungu wakija?" mama akauliza.

"Watalala uani," Tusekile akajibu.

Jumatatu wakarudi kazini. Zaburi za mama zilisikika ukutani kutwa nzima, naye Ambakisye hakukigusa kifaa chake. Akaanza kutuma mafaili, akiwa amejiandaa kungoja. Lakini yalikimbia sawasawa na siku ile alipomfungia. Kumbe kishikwambi kilipokuwa karibu, kilipokea haki yake mara moja na kuwaachia wengine njia. Hakikuwahi kuwa mzigo. Kilikuwa kimewekwa mbali.

Funzo: Aliye dhaifu akikuchelewesha, usimkate ili upate kwenda mbio, bali msogeze karibu; kwa maana Mungu hana haja na kazi iliyoharakishwa kwa kumnyamazisha mzazi.