Vitatange Wanne Katika Tangi Moja

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo, mnisikilize.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, tumwite Mkamburi. Alikuwa na nyumba ya wageni karibu na ufuo, na pale ukumbini mgeni anapoandikishwa aliweka tangi la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari. Ndani yake aliishi kitatange mmoja. Kitatange mnamjua, yule samaki bapa wa kwenye miamba, ana rangi kama kanga iliyotoka dukani leo. Wageni humwita samaki malaika. Huyu alikuwa wa buluu mwenye mistari ya manjano, mkubwa kama sahani, na watu walikuwa wakiweka mizigo chini ili wampige picha. Mkamburi akamchora mpaka kwenye kibao chake cha barabarani.

Mwaka ukapita. Siku moja mgeni akamwambia, "Mama, ungekuwa nao wa kila aina humu ndani, watu wangekuja kutoka mbali." Neno likamkaa. Akamwita Ngowa, mzamiaji aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo kwa wavu wa mkono, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mume wa Mbeyu.

"Ngowa, nataka vitatange wengine. Nataka wawe wanne."

Ngowa akalitazama tangi, akamtazama yule wa mistari.

"Mama, huyu ana mwaka mzima humu. Tangi hili ni lake. Ukimletea mwenzake, kwake si mgeni, ni mwizi."

"Samaki anajua mwizi?"

"Anajua. Kule chini nawaona kila siku. Kila mmoja ana mwamba wake, na jirani akivuka anafukuzwa. Lakini kule anayefukuzwa ana bahari nzima ya kukimbilia. Humu atakimbilia wapi?"

Akamweleza njia. Kama ni lazima wawe wanne, basi atafute tangi kubwa mara tatu ya hili. Achague wasiofanana. Waingie siku moja, wote wakiwa bado wadogo, na kila mmoja apate pango lake la kujificha. Na huyu mkubwa aondoke kwanza.

Mkamburi akacheka. "Tangi la namna hiyo nitaliweka wapi? Wewe walete tu. Watazoeana."

Watazoeana. Mmewahi kulisikia neno hilo?

Ngowa alikuwa na watoto na hakuwa na kazi nyingine. Akazama. Akaleta kitatange mwenye mkia uliojaa michoro kama maandishi, akaleta na mwingine mdogo, hapiti kidole, mgongo wake rangi ya machungwa. Siku ya kwanza wageni walipiga makofi. Siku ya pili yule wa mistari akaanza kumzungusha mwenye maandishi tangi zima, anamfuata, anamng'ata mapezi, anamwachia kidogo, anarudi. Walilingana kwa mwili, ndiyo maana alimchukia zaidi. Siku ya nne asubuhi mfanyakazi alimkuta yule mwenye maandishi amelala ubavu juu ya maji, mkia wake umebaki kama kitambaa kilichochanika.

Yule mdogo hakupigana. Aliingia katika tundu la jiwe akakaa humo. Chakula kikimwagwa, anachungulia, anamwona mkubwa, anarudi. Mgeni akiuliza, "Yule mdogo yuko wapi?" Mkamburi alijibu, "Amelala." Akalala hivyo wiki tatu mpaka akafa kwa njaa, ndani ya tangi ambamo chakula kilimwagwa mara mbili kila siku.

Msimchukie haraka huyu mama. Alilia. Kila samaki aliyekufa alimlilia kweli, akamfunga katika gazeti, akamzika chini ya mpapai wake. Kisha akamwita Ngowa alete mwingine.

Ngowa alileta wa pili, wa tatu, wa tano. Mara ya sita alisimama mlangoni, mfuko wa maji mkononi, akakataa kuingia.

"Mama, nakuomba. Nipe yule wa mistari nikamrudishe baharini. Wengine watapumua."

"Yule?" Mkamburi akaelekeza kidole barabarani. "Yule yuko kwenye kibao changu. Watu wanamfuata yeye. Nikimtoa, nabaki na nini?"

"Unabaki na walio hai."

"Weka samaki majini, Ngowa, kabla hajafa mikononi mwako."

Akamweka.

Basi ikafika Pasaka. Nyumba imejaa, na Mkamburi amewaahidi wageni vitatange wanne katika tangi. Anao wawili, mkubwa na mgonjwa. Akamtaka Ngowa amletee wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, ambao hukaa ndani zaidi, kwenye mapango ya chini. Mbeyu alikuwa akishona wavu. Akamwambia mumewe, "Jana umezama mara mbili na usiku ulilalamika mabega. Leo pumzika." Ngowa akasema, "Ni samaki wawili tu."

Alizama mara tatu siku ile. Mara ya tatu, chini kabisa, aliwapata wote wawili katika pango moja. Wakati wa kupanda akasikia hewa ya mtungi wa mgongoni inakatika. Mzamiaji hupanda polepole, anasimama, anangoja, mwili uizoee hewa ya juu, usidhurike. Ngowa hakuwa na pumzi ya kungojea. Alipanda moja kwa moja. Alifika juu na wavu mkononi, akacheka hata, akamkabidhi mwenzake samaki kwenye mashua. Kisha akasema, "Sisikii miguu yangu."

Mpaka leo haisikii.

Wale samaki walifika kwa Mkamburi jioni ile ile, wazima. Wageni wakapiga makofi. Mmoja alikufa Jumatatu ya Pasaka. Mwingine alijibana nyuma ya bomba la pampu, mapezi yamechanika, na Jumatano akatolewa kwa kijiko.

Jumamosi Mkamburi alikwenda kumwona Ngowa. Alibeba unga, sukari, sabuni, na kanga ya Mbeyu. Ngowa alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, mto chini ya magoti. Mkamburi akakaa, akashika mkono wake, akatokwa na machozi. Mbeyu akaleta chai. Wakanywa.

Kisha Mkamburi akafuta macho, akainama karibu, akauliza kwa sauti ya huruma kabisa, "Ngowa, mwanangu, humjui mzamiaji mwingine?"

Ngowa akageuza uso ukutani. Mbeyu ndiye aliyejibu.

"Mama, wapo. Huko ufuoni kuna wazamiaji wengi, na wote wana wake kama mimi. Chukua unga wako."

Hiyo ndiyo hadithi. Naona mnatikisa vichwa. Naona mama mmoja pale nyuma amefunika mdomo. Mnamwonea uchungu Ngowa, mnamkasirikia Mkamburi. Vizuri. Sasa niambieni, sisi tumeitwa hapa asubuhi hii kufanya nini?

Leo tumekuja kuifungua kampeni ya kuwaleta watu wapya. Spika zimekodiwa. Vijana kumi na wawili wameketi mbele hapa, wamevaa fulana mpya, na mimi nilipangiwa niwawekee mikono niwatume. Kina chao cha kuzamia ni vilabu vya pombe ya mnazi, stendi, milango ya watu wasiowapenda. Wataimba mpaka wapoteze sauti. Wataleta watu. Wamewahi kutuletea.

Mwaka juzi walituletea watu arobaini na mmoja. Walisimama hapa mbele, tukawapigia makofi. Leo nimehesabu kutoka hapa juu. Wako watatu.

Wale wengine wamekwenda wapi? Tunasema wamerudi nyuma, tunasema mbegu iliangukia mahali pabaya. Si kweli, wapendwa. Waliangukia kwetu. Yule kijana aliyekuwa mgema, ni mkutano upi tulikaa naye bila kumkumbusha mnazi? Yule binti aliyeomba kuimba kwaya tulimweka safu ya nyuma, kila akifungua mdomo wenye kwaya wakatazamana, mpaka akanyamaza, na watu walipomuuliza tukasema ana haya. Nasi tunawajua wanaong'ata. Msinitazame hivyo. Tunawajua kwa majina, lakini ni wazuri wa kutazama, wana sauti, wana nafasi, picha zao ziko kwenye kalenda yetu. Kwa hiyo hatuwaambii neno. Tunawalilia walioumizwa, tunalia kweli, halafu tunatuma vijana wakalete wengine.

Na vijana wanachoka. Mnamkumbuka mwinjilisti wetu aliyewatangulia hawa? Alifanya kazi ile miaka tisa. Siku hizi akisikia kengele yetu anafunga dirisha. Nilimtembelea. Nilimpelekea sukari. Nikamuuliza kama anamjua kijana mwingine mwenye moyo wa kazi ile.

Ndiyo. Mimi. Kwa sauti ya huruma kabisa.

Nimeomba juu ya jambo hili mwezi mzima na sikupata neno la kuwafariji. Sijui kama kanisa hili linaweza kupona. Nawaambia ukweli, sijui. Kuna siku nafungua mlango huu, naona viti, na natamani kuufunga tena. Ninachojua ni kimoja: siwezi kuwatuma hawa. Vijana wangu, naomba mbaki mmeketi. Hamkufanya kosa. Sitawawekea mikono leo, wala Jumapili ijayo.

Wiki tatu zilizopita, siku ya chakula cha pamoja, Mama Luvuno aliingia jikoni kusaidia. Ana miezi minne tu nasi. Mmoja wetu akamnyang'anya mwiko mbele ya watu akamwambia, "Acha, hapa tunapikia watu wasafi." Jiko zima likacheka. Mama Luvuno akanawa mikono, akachukua mtoto wake, akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani. Nilisikia kila neno. Nilikuwa na sahani mkononi, nikaendelea kula.

Hajarudi. Nyumba yake iko nyuma ya kiwanda cha barafu, mlango wa bati. Hakuna aliyekwenda.

Mzee wa zamu atafunga ibada. Mimi navua joho hili nakwenda huko sasa hivi. Pengine hatanifungulia. Pengine atanifungulia aniambie ninayostahili kuambiwa, na nitasimama nisikilize. Anayetaka kuja, na aje. Ila asibebe kipaza sauti.