Kasuku Aliyesusa Papai

Leo nina habari za kasuku. Naona wazee wa benchi la mbele wameshaanza kutazamana, wanajiuliza kama mchungaji wao ameamka na homa. Sina homa. Huyu ndege ana neno na kila mtu aliyekaa humu ndani, na mimi nikiwemo, kwa hiyo nivumilieni.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima na heshima zake, mkuu wa idara ofisini kwao, nyumba ya vigae, geti la chuma. Mkewe alifanya kazi mkoa mwingine na kurudi mwisho wa mwezi. Watoto walikuwa shule za bweni. Nyumbani walibaki watu watatu: yeye mwenyewe, dada wa kazi, na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini, aliyemchukua kijijini baada ya kumzika baba yake.

Na huyo mama alitunzwa, jamani. Alipewa chumba kizuri kuliko vyote, choo humohumo, feni juu, redio karibu na mto, dirisha la kuangalia barazani apate hewa. Bwana yule alitoa amri kwamba mama asisumbuliwe. Asubuhi na jioni apewe uji wake. Chakula cha mchana kikiiva, cha kwanza kupakuliwa kiwe cha mama, kwenye sahani nzuri, kifunikwe kawa, kipelekwe chumbani. Mzee kama yule hawezi kukokotwa mezani kama mtoto wa shule! Na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama mlangoni kwa mama, akakohoa kidogo, akasema shikamoo mama, umeamkaje. Mama akiwa amejifunika vitenge viwili na sweta aliitikia marahaba mwanangu, nimeamka salama. Mtaa mzima ulimsifu. Angekuwa wa usharika huu, tungekuwa tumeshamwita hapa mbele na kumpigia makofi. Mnabisha?

Sasa kasuku. Alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na bwana yule alipewa na rafiki yake aliyehama nchi. Alimpenda tangu siku ya kwanza. Akatafuta fundi amtengenezee tundu kubwa la waya, akalitundika barazani kwenye kivuli, pembeni kabisa ya dirisha la mama. Kisha akamkatia papai lililoiva, lile lenye nyama nyekundu, akaliweka ndani kwa mikono miwili.

Kasuku akalitazama kwa jicho moja. Akalisukuma kwa mguu, likaanguka. Akageuka akampa mwenye nyumba mgongo, kama mkwe aliyekosewa adabu.

Ndugu zangu, ndege alisusa. Akaletewa mahindi mabichi, akasusa. Karoti, akasusa. Mbegu za alizeti alizimwaga chini zote. Mchicha ulioshwa mara tatu, kwa maji yaliyochemshwa, mchicha ambao mimi na wewe hatuoshewi hivyo, nao akaukanyaga. Wala hakusema neno, yeye ambaye yule rafiki alimsifu kwamba anaigiza sauti ya kila anayemsikia. Bwana yule akaanza kukosa usingizi. Akiwa kwenye kikao, wakubwa wanaongea, yeye anatoka nje kupiga simu nyumbani.

"Amekula?"

"Ndiyo, baba, bibi amekula," dada wa kazi anajibu. "Sahani imerudi tupu."

"Namuulizia kasuku."

Mnacheka. Chekeni tu, mtaacha wenyewe.

Akamwita daktari wa mifugo. Daktari akamtazama ndege mdomo, kucha na manyoya, akasema hana ugonjwa. Akamweleza kwamba kasuku ni ndege wa kundi. Huko msituni hawali mmoja mmoja, wanakula kwa pamoja na kelele zao. Ukimwekea chakula ukaondoka, anaona ametupwa. Dawa yake ni kuketi naye, ule mbele yake, uongee naye, umkaribishe.

Basi yule bwana, mwenye saini inayosubiriwa na watu arobaini, akahamishia kiti na meza ndogo barazani. Wiki nzima alikula pale asubuhi na jioni. Anamega mkate, anamwonyesha ndege, anaulainisha ulimi: karibu baba, njoo tule, usikae na njaa, karibu sana. Majirani walipita wakasikia, wakaziba midomo wasicheke. Kasuku aligeuza mgongo vilevile.

Wiki ya pili daktari akarudi na mizani. Mwenye nyumba alikuwa ameshajiandaa kwa msiba. Daktari akampima ndege mara ya kwanza, akapima tena, akavua miwani. Akasema huyu ndege ameongezeka, na kama binadamu wangenenepa hivi kwa kususa, kliniki zingefungwa. Akainama chini ya tundu. Akaokota punje za wali. Akaokota maharage mawili, na kipande cha samaki wa kukaanga. Akamwonyesha na kuku wa jirani, ambao siku hizo walikuwa hawabanduki pale chini, wamenona kama wa sikukuu.

"Kuna mtu anamlisha huyu," daktari akasema. "Tena anamlisha chakula cha mezani, kila siku, kwa kipimo kikubwa."

Bwana yule akapandwa na hasira. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na jicho lake likaenda jikoni. Akamwita dada wa kazi, akamhoji kama polisi. Yule binti akalia, akaapa kwamba hana hata muda wa kusimama barazani. Yeye anapika, anampelekea bibi, anarudi kuchukua sahani, na sahani ya bibi hurudi imekombwa, haina hata punje moja. Bwana akasikia lile la sahani, akaridhika kwamba angalau mama yake anakula vizuri, akaendelea kumtafuta mwizi. Mmesikia? Jibu lilikuwa limewekwa mbele yake, akalipita akienda kumtafuta mwizi.

Kesho yake hakwenda kazini. Aliaga kama kawaida, akatoka na gari, akaliacha kwa jirani, akarudi kwa mlango wa nyuma. Akajibanza sebuleni nyuma ya pazia, pale anapoliona tundu lote. Saa saba dada akapita na sahani iliyofunikwa, akaingia kwa mama, akatoka. Baraza ikatulia.

Ndipo akaona wavu wa mbu wa dirisha la mama unasogea. Ulikuwa umechanwa kona, yeye hajui tangu lini. Katikati ya nondo ukatoka mkono umeshika tonge la wali.

Wapendwa, yule bwana hakuutambua ule mkono. Nawaambia kweli. Alidhani kuna mgonjwa ameingizwa nyumbani kwake bila habari. Ulikuwa mfupa umevikwa ngozi, na bangili ambayo zamani ilikuwa inambana mama yake ilikuwa imeteremka mpaka kwenye kiwiko. Mara akasikia sauti ndogo kutoka ndani ya chumba.

"Karibu. Karibu tule."

Kasuku akasogea, akakohoa kidogo, akasema: "Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti yake. Si kwamba ilifanana na yake, ilikuwa yake kabisa, na kile kikohozi chake cha kila asubuhi. Alisimama nyuma ya pazia la nyumba yake, akajisikia mwenyewe akiongea nje barazani na mama yake.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. "Leo kuna samaki. Kula kwanza, utanieleza habari za kazini."

Tonge likapokewa. Likatoka la pili, na la tatu. Yaliyodondoka, kuku wakamaliza. Sahani ikakauka.

Bwana yule alikimbilia chumbani, hakubisha hodi. Kwa mara ya kwanza tangu amlete mama yake pale, alivuka ule mlango mpaka kitandani. Akavuta vitenge, akaona mabega. Akauliza kwa kupaza sauti, maana mtu akishtuka hupaza sauti hata kwa anayempenda, kwa nini mama anampa ndege chakula chake, kwa nini ajiue kwa njaa ndani ya nyumba yenye kila kitu, watu watasema nini. Mama akamshika mkono akamwomba kwanza asimpige ndege.

"Hana kosa yule," akasema. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kula bila kumwambia mtu karibu. Hapa nilisema karibu siku ya kwanza, pakawa kimya. Ya pili, kimya. Tangu hapo tonge likawa halinishuki vizuri. Siku moja nikasema, nikakusikia unaitika dirishani. Nikajua umerudi mapema. Nilipofunua pazia nikaona ni huyu ndege. Lakini sauti ilikuwa yako, mwanangu. Nikimpa tonge, anaongea. Nisipompa, ananyamaza. Ndiyo maana nampa yote."

Yule bwana akasema, "Mama, mbona mimi nakusalimu kila siku?"

"Unanisalimu, baba. Ukiwa mlangoni."

Kisha akamwambia jambo jingine, na hili ndilo lililomkalisha chini sakafuni. Alimwambia kwamba wiki ile aliyokula barazani, yeye mama alikuwa kitandani na uji wake, akasikia mwanawe anaita kwa upole, karibu, njoo tule, usikae na njaa. Akaweka kikombe chini. Akajikongoja mpaka mlangoni, akijishikilia ukutani, hata khanga ya kichwani akaitengeneza vizuri. Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia anayeitwa ni ndege. Akarudi.

Ndugu zangu! Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wakawaamini ndugu wa damu kuliko rafiki wa mezani. Sijui wangesema nini kwa huyu, aliyezaliwa na mtu akashindwa kula naye, wakitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Alimtengea ndege meza. Alimbembeleza kwa maneno ambayo mama yake aliyasubiri miezi mingapi? Na alikuwa mtu mbaya? Hapana, na hilo ndilo linalonitisha mimi. Alikuwa anamheshimu mama yake. Alimheshimu mpaka akamfungia.

Siku ile aliagiza chakula kingine. Akatandika mkeka chini chumbani, akambeba mama akamketisha, wala hakuwa mzito kuliko mfuko wa nguo. Akanawa, akamnawisha. Akasema, "Karibu, mama." Mama akamega tonge, akalitazama kwa furaha. Halafu ule mkono mwembamba, kwa mazoea yake, ukainuka na tonge kuelekea dirishani.

Mnaniangalia. Mnataka niwaambie kama yule mama alipona. Sisemi, na mtu asinifuate ofisini baada ya ibada kuniuliza. Nikisema alipona, mtashusha pumzi mkasema basi, mambo huwa yanatengemaa. Nikisema alikufa, mtamlilia mama wa hadithi, na wa kwenu yuko chumbani.

Sisi tuzungumze sisi. Sisi ni watu wa kutuma. Tunatuma sukari, tunatuma kitenge cha Krismasi, tunampigia mzee simu tukiwa tunaendesha gari. Tumeweka dada wa kazi, tumeweka feni. Tukiulizwa habari za wazazi wetu tunajibu kwa kujiamini: anakula vizuri, sahani inarudi tupu. Nani kati yetu ameingia kuona tonge limekwenda wapi? Mume unayekula sebuleni mbele ya runinga, mkeo akila jikoni kwenye kigoda, ninyi mna tofauti gani na yule bwana? Na yule jirani mjane, ambaye mlango wake tunaupita tukija hapa kuimba, mara ya mwisho kumwambia karibu ilikuwa lini?

Mimi ninayesema haya nina shangazi yangu ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nimemtumia unga wiki hii. Sijaingia kwake tangu Pasaka. Usiku nilipokuwa naandaa mahubiri haya niliona haya, na sasa hivi naona haya zaidi.

Bwana wetu angeweza kututumia sahani kutoka mbinguni, tena iliyofunikwa vizuri. Hakufanya hivyo. Alikuja mwenyewe, akanawa mikono, akaketi na watu, na watu wakamlaumu kwamba anakula na kila mtu. Huo ndio upendo tunaoudai kila Jumapili, na sisi wenyewe tunawapa salamu za mlangoni, yeye na wazee wetu.

Leo sitawaombea dua ndefu, na matangazo katibu atayasoma Jumapili ijayo. Sasa ni saa sita na nusu. Majumbani chakula kinapakuliwa, na kuna sahani moja inafunikwa ipelekwe chumbani. Nendeni mkaizuie mlangoni. Ichukue wewe mwenyewe, ingia nayo, keti chini. Na mimi naelekea ng'ambo ya uwanja. Amina, tokeni.