Profesa Sengwaji wa Chuo cha Rasini

Tajiri kataka cheti, cha chuo chenye fahari,
Akaketi kwenye kiti, kuwapima kwa hadhari.

Bwana Shekuwe, mwenye kiwanda cha kamba, alitafuta msimamizi aliyehitimu Rasini, chuo alichojigamba kukisomea. Walifika wahitimu wawili, pamoja na Mwanjaa, kibarua wake wa miaka saba.

"Cheti kiko wapi, binti?"

"Kililowa, mzee. Ila wewe wa Rasini humkumbuki Profesa Sengwaji? Yule mwenye ndevu ndefu na hasira za karibu?"

Shekuwe akakohoa. "Sengwaji! Nani amsahau? Alinifundisha miaka miwili!"

"Basi waulize na hawa."

Wahitimu wakaapa hawamjui.

"Matapeli! Tokeni!"

Sengwaji alikuwa mbuzi beberu wa mamake Mwanjaa. Kati ya waombaji watatu, aliyebaki amesimama ofisini ni Mwanjaa.