Malkia Aliyeizima Seva Yake

Ndugu yangu, hii isome polepole. Ukimaliza, mtumie yule uliyemkabidhi kitu chako cha thamani.

Kulikuwa na nchi milimani, ukungu wake mzito hata watu walisalimiana kabla ya kuonana. Watu wa huko walikuwa na adabu kupita kiasi. Ukienda kwa mtu, ilikuwa mwiko kumwuliza jikoni ana nini. Unataja unachotamani, naye anaitikia "Ndiyo" hata kama hana, kisha anakuletea alichonacho. Nawe unakula, unashukuru.

Malkia wao, Nyanzala, alianza kusahau. Leo jina la mto, kesho sura ya dada yake. Akaogopa kwamba siku moja atampoteza hata mwanawe aliyekufa akiwa mchanga, maana hakubaki mwingine wa kumkumbuka.

Akamwita Minza, mtunza seva, ile kompyuta kuu ya ikulu. "Minza mwanangu, niwekee kumbukumbu zangu mahali zisipopotea."

"Usiwe na wasiwasi, Mama."

Minza alikuwa hodari, tena anajijua. Alisikia injini mpya ya kuhifadhi data ikisifiwa kila kona, akaiagiza seva itengeneze jedwali la kumbukumbu za malkia kwa injini hiyo. Aiulize kwanza ina injini zipi? Thubutu! Aliona haya, kama mtu anayefunua vyungu vya wenyewe. Seva ikajibu sawa. Chini yake palikuwa na onyo dogo, Minza hakulisoma.

Basi kila asubuhi malkia alisimulia macho ameyafumba, Minza akiandika. Chumba kilijaa mvua za zamani na harufu ya maziwa, na Minza alijiona kama anaelea. Jamani, ilikuwa raha.

Asubuhi moja malkia akasema, "Izime. Mimi nikilala naamka nimesahau. Nataka kuona yenyewe ikiamka kama itanijua."

Wakaizima, wakaiwasha. Jedwali lilikuwepo. Ndani, hamna kitu!

Minza akalia kwa uchungu, akakiri kwamba hakuiuliza seva ina injini zipi. "Sasa iulize," malkia akasema bila kufoka.

Akaiuliza. Seva ikataja injini zake zote. Ile iliyosifiwa haikuwemo. Iliyoshika nafasi yake ilikuwa ya muda tu, huhifadhi vitu hadi mashine izimwe. Na nyingine ya zamani, inayoandika kwenye diski, ilikuwepo tangu mwanzo, haijaguswa.

"Kumbe ilikuwa nayo," malkia akasema, akacheka kidogo. "Haya, tuanze upya. Andika: mwanangu aliitwa..."

Akamgeukia Minza kwa imani yote. "Aliitwa nani vile?"

Minza alilisikia jina lile mara moja tu, akaliandika upesi na kuiachia seva. Alilitafuta kichwani mwake, hakulipata.

Funzo: Kitu kisicho na mbadala usimkabidhi yeyote kabla ya kumwuliza atakiweka wapi. Kuuliza si kukosa adabu, na "ndiyo" peke yake haitunzi kitu.